Meli ya Vibuyu

Hapa Buzuruga, mjini Mwanza, ninapoishi, kuna dereva mmoja wa basi ambaye ameweka honi ya ajabu. Mabasi mengine ya stendi hulia kama mabasi, la kwake hulia kama meli. Huipiga jua likiwa bado halijatoka, sauti nzito, ndefu, mpaka vikombe vinatetemeka kabatini, na abiria wanacheka. Wajukuu wangu wanaipenda mno. Mimi nikiisikia hushika chochote kilicho karibu, meza, ukingo wa kitanda, hata mtu, nikangoja ipite. Mara ya kwanza nilikuwa nachuja chai, na nusu yake ikamwagika sakafuni. Mjukuu akaniambia, "Bibi, ni basi tu hilo." Nikamjibu najua ni basi, sijawa mwehu bado. Lakini mwili una akili zake, jamani, wala haumsikilizi mwenye nao.

Wajukuu hawana subira ya habari ndefu, kwa hiyo nitawasimulia ninyi. Sehemu kubwa ya maisha yangu nilidhani nalijua jambo moja: kwa nini baba yangu, siku moja asubuhi, alikata pumzi. Msidhani ni jambo dogo. Lilinimaliza utoto wangu wote.

Baba yangu aliitwa Mabula. Kabla sijazaliwa alikuwa kuli bandarini Mwanza, akibeba marobota ya pamba kuingiza melini. Mgongo ulipomchosha akarudi kijijini kwetu, upande wa Sengerema, akalima pamba kama kila mtu. Lakini ukweli ni kwamba shamba lilikuwa la mama yangu. Mikono ya Baba ilipenda vitu vya kupuliza. Hakuwa mtu wa kuona kitu chenye tundu akakipita. Alikuwa na birika bovu la bati, ukilipuliza mdomoni linalia kama bata aliyekanyagwa. Alikuwa na pembe mbili za ng'ombe alizoziunganisha kwa nta ya nyuki, watu wawili wanazipuliza wakiwa wametazamana, na mmoja wao akicheka basi wimbo umeharibika. Na alikuwa na kibuyu kidogo chenye shingo, alichokiita Mama Mkwe. Alikitoboa ubavuni, akabandika juu ya tundu ule utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Ukiimba ndani ya kibuyu kile, sauti inatoka puani, inalalamika, inanung'unika, hairidhiki. Bibi mzaa mama alipokuja kututembelea, Mama Mkwe alifichwa ghalani chini ya mtama, na sisi watoto tukaonywa tusithubutu kufungua midomo.

Kazi ya kutafuta tando za buibui ilikuwa yangu. Nilizibandua kwa kijiti cha ufagio, polepole, maana zikichanika hazina faida tena. Nyumba yetu ilikuwa ndiyo nyumba pekee kijijini ambamo mtoto alichapwa kwa kumuua buibui.

Mama yangu, nilimwita Mayu kama Wasukuma wote wanavyowaita mama zao, jina lake Kabula. Alikuwa mwanamke wa kucheka kwa sauti, mwembamba, mwenye mikono migumu ya jembe. Alijifanya kuchoshwa na makelele ya mumewe, lakini Baba alipomaliza chombo kipya, wa kwanza kukisikiliza alikuwa yeye. Alisikiliza akiwa amempa mgongo, anapepeta au anasonga ugali, kisha anatoa hukumu. "Umechoka leo." Au, "Una jambo moyoni, hebu sema." Hakukosea. Siri ya mtungi aijuaye kata, na pumzi ya Baba aliijua Mayu.

Na pumzi yenyewe ilikuwa ya kusifiwa. Baba alijua kuvuta hewa puani huku mashavu yakiendelea kusukuma, kwa hiyo sauti ilikwenda tu, haina mwisho, haina kituo. Mayu aliweza kuanza kupepeta ungo wa mtama akamaliza, na Baba bado yuko kwenye mlio ule ule. Manju wa ngoma yetu, yaani yule mtunzi na kiongozi wa nyimbo, alimtungia ubeti: Mabula hakati pumzi. Watoto wa kijiji waliuimba wakichunga ndama. Mimi nilitembea kifua mbele.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu ngoma zetu, la sivyo hamtaelewa kilichofuata. Kwetu Usukumani, pamba ikishavunwa, makundi mawili ya ngoma hukutana kwenye uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na yote yanacheza kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi mwenye kiti. Watazamaji ndio hukumu: upande watakaokimbilia ndio ulioshinda. Kwa hiyo kila kundi hutafuta kioja cha kuwavuta. Kundi letu liliitwa Radi, na wapinzani wetu waliitwa Mawingu. Mawingu walipata mtu wa kucheza na chatu. Anamvaa shingoni, anamtia kichwa mdomoni, wanawake wanapiga mayowe na kusogea karibu zaidi. Mavuno mawili mfululizo manju wetu aliimbia visogo vya watu. Alirudi nyumbani hasemi na mkewe.

Hapo ndipo Baba alipotengeneza Meli.

Alichukua vibuyu vikubwa, vile vya kuwekea maziwa na pombe, akavikata vitako, akaviingiza kimoja ndani ya kingine. Maungio akayaziba kwa nta, halafu akayafunga kwa ngozi mbichi ya mbuzi ambayo ikikauka hukaza kama chuma. Mwishoni aliweka kibuyu kipana kama chungu cha pombe, na mwanzoni pembe ya ng'ombe ya kupulizia. Kilipokamilika hakikuweza kuingia ndani ya nyumba. Wanaume wawili walikibeba kwa mbele, mmoja wao mjomba wangu Nkwabi, mdogo wake Mayu, na Baba alisimama nyuma akipuliza. Na sauti iliyotoka, haki ya Mungu, ilikuwa ya meli. Si ya kufanana na meli. Ya meli. Baba alikuwa amefanya kazi chini ya mlio ule miaka mingi, aliujua kama mtoto anavyojua kikohozi cha mama yake.

Siku ya kuijaribu walikwenda ufukweni jioni. Meli ya kweli, ile ya kwenda na kutoka Mwanza, ilikuwa ikipita mbali katikati ya ghuba, haikuwahi kutia nanga kwetu. Baba alipopuliza, kijiji kizima kilimwagika ziwani. Mmoja alikuja na gunia la viazi kichwani, bibi mmoja akaja na kuku kwapani, kila mtu anauliza meli imetia nanga wapi. Walipoona ni Mabula na vibuyu vyake, walitukana kwanza, halafu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini mchangani. Manju alicheza peke yake ndani ya maji, na suruali yake.

Kwa majuma yaliyofuata Baba alipiga Meli kila jioni. Mwanzoni watu walikimbia, baadaye wakazoea. Meli ikilia walisema tu, "Huyo Mabula," wakaendelea na shughuli zao. Hata meli yenyewe ilipopita na kulia kule mbali, watoto tulisema, "Mabula leo yumo majini!" Ukawa ndio mzaha wa kijiji. Hakuna aliyefikiri kwamba mzaha una meno.

Mashindano ya mwaka ule yalipangwa upande wa pili wa ghuba, jirani na mji wa Mwanza. Wanaume walitangulia na ngoma na Meli ndani ya mtumbwi mkubwa. Wanawake waliokuwa na kazi za nyumbani wangefuata kesho yake alfajiri. Ufukwe wa kule una miamba mingi, mingine iko chini ya maji haionekani, na pa kutua palikuwa padogo tu penye mchanga. Baba akamwambia Mayu, nami nikiwa nimesimama hapo hapo nimeshika mkono wake, "Nitasimama pale mchangani, Kabula. Mkikaribia mtanisikia. Ifuateni sauti, msihangaike." Mayu akacheka, akamwambia asije akalala.

Tuliondoka kukiwa na giza bado. Mtumbwini tulikuwa Mayu, mimi, mke wa manju, msichana wa jirani aliyeitwa Holo, na Mzee Bwire aliyepiga kasia. Mzee Bwire alikuwa Mjita, kila l kwake ilikuwa r, na alilijua ziwa kuliko alivyowajua wanawe. Maji yalikuwa yametulia. Mayu alikuwa amevaa gauni lake la maua na shanga, na alinipaka mafuta hadi masikioni. Mke wa manju alisema Mawingu safari hii watabaki na joka lao tu, na tukacheka wote.

Tulipovuka katikati, jua likianza kuchomoza, tuliuona usubi. Mkazi wa ziwa hili anaujua: vidudu vidogo mno vinavyoibuka majini kwa mamilioni, vikasimama angani kama moshi wa kijiji kinachoungua. Siku nyingine nguzo hizo hupita mbali. Siku ile upepo ulitugeuzia. Kabla hatujajipanga ilikuwa giza la kijivu, linanguruma, linaingia puani, masikioni, kooni. Ukifungua mdomo unameza. Watu wamewahi kufa kwa kukosa hewa ndani ya kitu kile. Mayu akanivuta chini ya kanga yake, akajifunika na yeye. Mke wa manju akafanya vile vile. Holo alijiviringisha blanketi lote akalala chini mtumbwini akikohoa. Mzee Bwire akajitupia shuka kichwani akaendelea kupiga kasia taratibu, anakisia.

"Mama Minza," alisema akiwa ndani ya shuka lake, "sioni kitu. Tuerekee wapi?"

Minza ni mimi. Mayu akamwambia asubiri kidogo, Mabula atapiga.

Na kweli, ikalia. Ilitoka kulia kwetu, nzito, ndefu, haina mwisho. Nilimhisi Mayu akitabasamu, maana kidevu chake kilikuwa juu ya kichwa changu. Kisha tukasikia nyingine. Hiyo ilitoka kushoto, mlio ule ule, lakini umekatikakatika. Inalia kidogo, inakatika. Inalia tena, inakatika. Halafu ile ya kulia ikapiga tena, ndefu, imetulia.

Mke wa manju akauliza, "Mbona ziko mbili?"

"Moja ni meli ya kweli inapita huko mbali," Mayu akasema. "Nyingine ni ya baba yake Minza."

"Sasa ya kwake ni ipi?"

Mayu alisikiliza. Aliinamisha kichwa kama alivyofanya akisonga ugali. Ndani ya kanga kulikuwa na joto, na harufu ya mafuta ya nazi, na vidudu vikitambaa shingoni mwangu. Ile ya kushoto ikalia, ikakatika.

"Nani anaijua pumzi ya Mabula kunishinda mimi?" akasema. "Hiyo inayokatika si yake. Mume wangu hakati pumzi. Mzee Bwire, fuata hiyo ndefu."

Mzee Bwire akageuza mtumbwi.

Sitawaeleza yote. Nilichosikia kwanza si honi, yalikuwa maji yakichanwa. Mayu akaifunua kanga. Nikaona ukuta mweusi wenye kutu, mrefu kuliko nyumba, unatoka ndani ya usubi, umefika. Mzee Bwire alitumbukiza kasia kwa nguvu zake zote na ubavu wa meli ukatukosa kidogo, lakini wimbi lake likatubinua kama mtu anavyobinua ungo. Mayu alinisukuma juu. Mikono yake nilikuwa naijua, ilikuwa migumu, nikaihisi chini ya makwapa yangu, halafu sikuihisi tena. Mabaharia waliteremsha mashua. Walituokota mimi na Holo, ambaye blanketi lake lilijaa hewa likamfanya aelee juu ya maji. Mayu na mke wa manju walipatikana baadaye kwenye miamba. Mzee Bwire hakupatikana kabisa, ziwa lilibaki naye.

Baada ya maziko watu walikusanyika uani kwa manju. Manju alikaa kwenye kigoda, amenyoa nywele, macho yamevimba. Alikuwa mtu mwenye huzuni, sasa akawa mtu anayetafuta wa kumbebesha lawama. Siwezi kumlaumu. Aliniita mbele, akaniambia kwa upole, "Mwanangu Minza, usiogope. Bwire alilijua ziwa hili kabla mimi sijazaliwa. Asingeielekea meli kwa akili zake. Nani alimwambia?"

Ndugu zake Mzee Bwire walikuwapo, ndugu za mke wa manju walikuwapo, wanaume wenye fimbo. Holo alikuwa amekwisha kusema kwamba hakusikia lolote ndani ya blanketi. Nilibaki mimi. Nilifungua mdomo, na ningesema, kwa sababu niliulizwa na mkubwa na jibu nililijua.

Baba alisimama. Tangu siku ile alikuwa hajatoa neno mbele za watu.

"Mwacheni mtoto," akasema. "Usiku wa kuamkia siku ile nilikunywa pombe. Niliwaahidi nitapiga, nikapiga hovyo, pumzi ikanikatika. Hawakuitambua sauti yangu. Ni mimi."

Watu wakaguna. Mjomba Nkwabi akainuka, mdomo wazi, kama mtu anayetaka kuzuia kitu kisianguke. Baba akamtazama. Mjomba akakaa. Ndugu mmoja wa mke wa manju alimtemea Baba mate miguuni, na Baba hakuyafuta. Manju alimwambia kwa sauti ndogo kwamba asipulize tena, hata filimbi, mpaka aingie kaburini. Baba akajibu, "Nimesikia."

Mimi nilimchukia papo hapo. Nasema wazi, nilimchukia kwa moyo wote, kwa sababu Mayu alimsifu mpaka mwisho, na kumbe aliyekuwa akimsifu ni mlevi.

Nilipelekwa Mirongo, mjini, kwa shangazi aliyekuwa akikaanga maandazi karibu na mto. Nikaanza shule. Baba alikuwa akivuka kuja kuniona, analeta michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ndani ya kikapu, anakaa kizingitini. Nilimwamkia, "Shikamoo, Baba." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha nikaingia ndani. Shangazi alininong'oneza, "Damu nzito kuliko maji, Minza, kaa na baba yako." Sikukaa. Ila kila alipokuja nilimnusa. Nilijifanya napokea kikapu, nikavuta hewa karibu na mdomo wake, natafuta harufu ya pombe ili niwe na haki ya kumchukia zaidi. Niliipata harufu ya ziwa na ya michembe, basi. Nikajiambia ni mjanja, anatafuna majani ya mpera.

Uhuru ulipokaribia mji wote ulipagawa. Kila kundi la ngoma lilialikwa kuja uwanjani na kioja chake. Vijana wa Radi hawakuwa na kioja, walikuwa na Meli tu, iliyoning'inia ghalani kwa Baba, imeliwa na panya. Manju hakuja mwenyewe, alituma vijana. Walimfuata Baba mpaka kwa shangazi, wakapiga magoti, wakamwomba. Nilidhani atakataa. Badala yake akasema atairekebisha na atawafundisha, ila mdomo wake hautaigusa.

Wakaivusha, akaitengeneza pale uani kwa shangazi, ngozi mpya, nta mpya. Vijana wakaanza kujifunza. Mmoja alikuwa na kifua kizuri, akapiga mlio mrefu uliotulia, na majirani wa Mirongo wakatoka nje kutazama. Baba akapiga kelele. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele.

"Kata!"

Kijana akashangaa. Baba akawaonyesha kwa kupiga goti lake kwa kiganja: unapiga kidogo, unakata. Unapiga tena, unakata. Pengo lisiwe refu, lisiwe fupi. Kijana akasema, "Mzee, mbona unatukatisha? Sisi tumekua tukiimba kwamba wewe hukati pumzi." Baba akamwambia, "Hivyo hivyo, au naivunja sasa hivi." Wakafuata. Siku nzima alikaa kwenye kinu kilichoinamishwa akiwapigia goti, na kila lilipofika pengo niliona midomo yake inacheza. Nikadhani anahesabu. Niliona aibu iliyoje! Nikasema moyoni, mlevi anawafundisha wenzake pumzi ya kilevi.

Siku ya sherehe, Radi waliwavuta watu wote. Mapengo yale, ambayo vijana waliyaogopa, ndiyo yaliyopendwa. Meli inalia, inakata, na katika pengo uwanja mzima unapiga makofi, pa! Inalia, inakata, pa! Wazee waliruka, wanafunzi waliruka, hata askari waliruka. Mawingu walibaki na chatu wao. Nilimtafuta Baba nikamwona amesimama nyuma ya umati, peke yake, midomo inacheza. Kabla ngoma haijaisha aligeuka akaenda zake. Sikumfuata.

Alikufa miaka mingi baadaye, mimi tayari ni mama wa watoto. Matangani, wageni walipokuwa wakiaga, mjomba Nkwabi alinivuta pembeni nyuma ya jiko. Alikuwa mzee, anatembea na fimbo. Akaanza kulia kabla hajasema.

"Baba yako hakunywa hata tone," akaniambia. "Nilimwahidi nitanyamaza akiwa hai. Sasa hayupo."

Akanisimulia. Asubuhi ile walikuwa mchangani, Baba, yeye na mwenzake, Meli ikiwa begani. Walikuwa wanangoja tu. Ndipo honi ya meli ikalia ndani ya usubi, na nyuma yake mtambo, karibu mno, mahali ambapo haikutakiwa kuwapo. Baba alielewa kabla yao. Akapuliza, akatoa mdomo, akaita. Akapuliza tena, akatoa mdomo, akaita. Akaanza kuingia majini akiwasukuma wao mbele na vibuyu vyao, mpaka maji yakamfika mjomba kifuani, akaachia. Baba akaendelea na Meli peke yake, ncha ya mbele inaelea.

"Nilimwambia, piga ndefu, Mabula, piga kama siku zote, dada ataijua," mjomba akasema. "Hakunisikia. Hakuweza kungoja, mwanangu. Kila akipuliza kidogo tu, lazima aite."

Nikamwuliza, kama ni hivyo, kwa nini alikubali kuitwa mlevi maisha yake yote.

Mjomba alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mdogo. "Ulipowaeleza mabaharia habari ya honi mbili, baba yako alikuwapo. Usiku ule ule akakuuliza, nawe ukamwambia maneno ya mama yako yote, neno kwa neno. Umesahau. Sasa manju alikuwa anataka jina la kuchukia. Baba yako alikuwa na majina mawili tu ya kumpa, la mama yako na la kwake."

Nilikuwa nimesahau, kweli. Nilikaa chini pale pale kwenye majivu, na gauni langu la msiba. Nilikuwa nimemnusa mtu yule mdomo wake kwa miaka, na sikuwahi kumwuliza alikuwa akisema nini kwa midomo ile kila Meli ilipokata. Sikuwa na haja ya kumwuliza mjomba. Siku ya Uhuru mji mzima uliruka na kupiga makofi ndani ya mapengo yale, mimi nikiwa miongoni mwao, na mtu mmoja tu, nyuma kabisa, alikuwa akiita Kabula.